Rais wa Marekani Katika Ukoo Wetu

Ukoo wetu una Rais wa Marekani. Tulikuwa naye kabla nyumba haijaingia umeme, na nadhani tutakuwa naye hata kaka yangu akishalala mchangani. Hutolewa kwenye harusi, baada ya pilau, mgeni anapofanya kosa la kuuliza mbona baadhi yetu ni weupe. Inasemekana babu yetu mkuu, yaani babu yake mama, alizaliwa na baharia wa Kimarekani aliyekuja Bagamoyo kununua pembe na sandarusi, akarudi kwao, akaingia kwenye siasa na mwisho akawa Rais. Inasemekana. Neno hilo limefanya kazi katika ukoo wetu kuliko mtu yeyote ninayemkumbuka.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu Rais huyo hakuwa na jina. Alikuwa Rais wa Marekani tu, kana kwamba wamewahi kuwa na mmoja na bado hajatoka madarakani. Kaka alipostaafu kazi yake Dar es Salaam na kurudi na simu kubwa, ndipo akamtafutia jina. Alishinda barazani akipekua picha za marais wa kale, akamchagua mmoja mwenye ndevu. Baada ya muda akamwacha, akachukua mwingine, kwa sababu masikio ya yule wa kwanza yalikuwa madogo na yetu ni makubwa. Sitayaandika majina hayo. Watu wawili wamekwisha kukalia kiti hicho, na wote wana vitukuu wao ambao hawajatukosea kitu.

Mimi nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na sasa niko Dunda, hapahapa Bagamoyo, na magoti yangu. Wanafunzi niliwaambia hivi: kabla hujaandika kwamba jambo limetokea, uliza nani kasema, je, alikuwapo, na anapata nini ukimwamini. Kwenye mtihani wengi walilisahau hilo la mwisho. Kaka yangu hakulisahau, maana hakuwahi kulitaka. Lingemnyang'anya Rais wake kabla chai haijapoa.

Basi ushahidi wake nauweka hapa kama alivyokuwa akiuweka yeye. Masikio nimekwisha kuyataja. Masikio makubwa nimeyaona kwa wauza samaki, kwa maimamu na kwa mbuzi, na sijasikia mbuzi akidai ikulu. Kisha kuna rangi. Babu mkuu alikuwa maji ya kunde, na kwa kaka hiyo ilitosha. Mji huu walipita Waarabu, Wahindi, Mabulushi na Wajerumani, na kila mmoja alikaa muda wa kutosha. Ukimwona mtoto mweupe katika mji wa namna hiyo, ukaruka watu wote hao mpaka ukatua Marekani, wewe hutafuti baba wa mtoto, unatafuta sifa.

Kuna na sahani. Ni ya bluu, ina picha ya meli, na kaka ameisimamisha kwenye kabati la vioo kule ukumbini. Anasema ilitoka kwenye mzigo wa baharia mwenyewe. Mama mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki, anasema sahani hizo zilikuwa nyingi, mama yake alizinunua dukani kwa Mhindi, na tuliozivunja ni sisi watoto. Kaka akasema mama mdogo umri umekwenda, anachanganya mambo. Umri huohuo hauchanganyi kitu anapokumbuka mipaka ya shamba letu la minazi.

Ningemwacha na sahani yake. Uongo wa harusini haumnyimi mtu usingizi, na mimi mwenyewe nimekula pilau juu yake mara nyingi. Lakini mwaka juzi kaka alipata wazo. Alitaka nyumba ya ukoo, ile ya mawe kule mji mkongwe, iwe Nyumba ya Rais. Watalii walale vyumba vya mbele, ukutani iwepo picha yake yule wa masikio, mlangoni kiwepo kibao. Uani, kwenye pembe ya nyuma yenye mrehani, ndipo vijengwe vyoo vya wageni.

Shida ni kwamba nyumba ina mtu. Mama mdogo ni mjane, hana mtoto, na ameishi mle tangu eda yake ilipokwisha. Kila alfajiri hukaanga vitumbua mlangoni, moshi unaingia ukumbini na kuipaka masizi dari ambayo kaka anaiita ya kihistoria. Kaka alimtafutia mahali Saadani, kwa binti wa binamu yetu anayekausha samaki. Alisema kule hewa ni nzuri. Kaka yangu hajawahi kulala Saadani hata kwa bahati mbaya.

"Nitatoka nikitolewa," mama mdogo alimwambia, na akaendelea kugeuza vitumbua.

Kikao cha ukoo kilikaa. Nilitegemea watu watacheka, kumbe nusu yao walikuwa wamekwisha kuhesabu vyumba. Mimi nikasema siwezi kukubali mama yetu ahamishwe kwa sababu ya masikio. Kaka akajibu kwamba amewasiliana na msomi wa Kimarekani anayeandika kitabu juu ya huyo Rais, na msomi anakuja. Wakakubaliana, na mimi nikashindwa kuwazuia: mgeni akiridhika, nyumba inageuzwa na mama mdogo anakwenda Saadani. Asiporidhika, anabaki. Na kwa kuwa Kiingereza changu ndicho kinachoaminika, mimi ndiye ningetafsiri.

Mgeni alikuwa mama mtu mzima, mwalimu wa chuo kikuu, mwenye adabu kupita kiasi. Mtu alikuwa amemfundisha shikamoo bila kumfundisha kikomo chake, akamwamkia kaka, akaniamkia mimi, akamwamkia na dereva wa bajaji aliyekuwa sawa na mjukuu wake. Dereva akaitikia marahaba kwa sauti nzito na kuondoka akiwa mzee. Tukakaa ukumbini chini ya ile dari. Mama mdogo alileta vitumbua na chai, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, nusu ndani nusu nje, kama mtu asiyejua anaruhusiwa wapi katika nyumba yake.

Mgeni alianza kwa kutueleza mambo ya kwao. Ujana wa Rais huyo, alisema, una miaka ambayo hakuna anayejua alikuwa wapi. Alipogombea, wapinzani wake walisambaza habari kwamba miaka hiyo alikuwa baharini, kwenye pwani ya watumwa, na kwamba aliacha mtoto mweusi Afrika. Marafiki zake wakakana. Mpaka leo wasomi wao wanagombana, wengine wanasema ni kweli, wengine wanasema ni uzushi.

Nilimwuliza nani alikuwa wa kwanza kusema. Akasema ni karatasi iliyosambazwa wakati wa kampeni, haina jina la mwandishi. Nikauliza kama katika hao wapinzani yuko aliyewahi kufika Afrika. Hakuna, alisema. Nilijikuta natabasamu. Nilidhani sisi ndio peke yetu tunaojenga nyumba kwa inasemekana, kumbe hata huko kwenye vyuo vikuu vyenye viyoyozi wanajenga, tena ghorofa.

"Lakini sasa kuna ninyi," alisema, na macho yake yakang'aa. "Ninyi hamkuisoma karatasi ile. Walioiandika hawakuwajua ninyi. Hao ni mashahidi wawili wasiojuana."

Hapo tabasamu likaniisha. Mashahidi wawili wasiojuana wakisema neno moja, hilo si jambo la kucheka. Nilikuwa nalifundisha mwenyewe, kwa chaki, mwaka hata mwaka. Nilimtazama mama mdogo pale kizingitini, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba upuuzi huu ungeweza kushinda.

Kaka akajiweka sawa kitini. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Akaeleza, na mimi nikatafsiri, kwamba siku ya maziko ya babu mkuu watu walijaa makaburini, na kati yao alikuwapo mzee mmoja wa Kinyamwezi, mchukuzi wa forodhani, aliyemjua marehemu tangu ujana. Mzee huyo alipaza sauti mbele ya kadamnasi, akasema: msimzike huyu, mngojeni baba yake Rais wa Marekani aje na meli.

"Na hakuna aliyempinga?" mgeni aliuliza.

"Hakuna. Watoto wa marehemu walikuwapo, wakanyamaza. Shehe alikuwapo, akanyamaza."

Angeishia hapo, sijui ingekuwaje leo. Mgeni alikuwa ameisogeza simu yake ya kurekodia karibu na mdomo wa kaka. Lakini kaka yangu hajui kuacha chakula kikiwa kimeiva, lazima aongeze chumvi. Akasema: "Tena mwambie hakusema kwa juujuu. Mzee yule alishuka mwenyewe kaburini, akalala chali mle ndani, akasema hatoki."

"Hatoki mpaka lini?" nikamwuliza. Nilikuwa nimekwisha kuweka kikombe chini.

Kaka akasita. "Mpaka apewe chochote," akasema.

Nilimtafsiria mgeni neno kwa neno. Akafikiri, akaniuliza kama kulala kaburini ni namna ya kiapo kwa watu wa pwani. Kaka anakijua Kiingereza cha kutosha kusikia kile anachokitaka. Kabla sijafungua mdomo alisema: "Mwambie ndiyo. Ni kiapo kikubwa."

Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa nimeona kila aina ya aibu, lakini ya dakika ile ilikuwa mpya. Maana hakuna mtoto wa Bagamoyo anayehitaji kuambiwa mtu anayelala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote ni nani. Ni mtani.

Babu mkuu alioa Ukwereni na akahesabiwa Mkwere, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara. Kazi ya mtani msibani inajulikana. Wenye msiba wakilia, yeye anacheka. Anamwiga marehemu, anamtukana, anasema alikuwa mchoyo na alikuwa anakoroma, anazuia jeneza, anashuka kaburini na kulala mle mpaka afukuzwe kwa zawadi. Na wewe mfiwa huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha wewe. Kwa hiyo watoto wa marehemu walinyamaza, na shehe akanyamaza. Mzee yule angesema baba yake marehemu ni papa wa bahari ya Mafia, wangenyamaza vilevile, wampe kitu atoke, wazike kabla ya alasiri. Kimya hicho ndicho kaka alichokuwa akikiita ushahidi.

Nilimweleza mgeni yote hayo. Sikumtazama kaka. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, na lazima nimpe haki yake, hakubisha. Aliuliza swali moja tu, zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye kikao cha ukoo.

"Kwa nini mtani alichagua tusi hilo?"

"Mtani hatukani ovyo," nilimwambia. "Anachokonoa pale unapoficha. Babu alikuwa mweupe, na baba yake hakujulikana. Ukimwambia mtu wa namna hiyo baba yake ni Rais wa Marekani na yuko njiani na meli, watu wote makaburini wataelewa unachosema."

Akasema polepole kwamba basi hana mashahidi wawili. Kule ana tusi la kampeni na huku ana utani wa maziko. Vyote viwili, alisema, vimetoka kwa watu waliotafuta neno la kumwumiza mtu. Akazima simu. Alikula kitumbua cha pili, akashukuru, akamwamkia mama mdogo shikamoo, safari hii kwa mtu anayestahili, na akaenda zake.

Kaka alingoja bajaji ipotee. "Umenitilia kitumbua changu mchanga," aliniambia.

"Vitumbua vya nyumba hii ni vya mama mdogo," nilimjibu. Nilikuwa na furaha ya ushindi, sitaficha. Nilikuwa nimemvua kaka Rais wake mbele ya Mmarekani, na mama yetu hahami. Nilitaka kukaa na furaha hiyo jioni nzima.

"Na mama yake je?" mama mdogo akasema.

Alikuwa bado kizingitini. Hatukumwelewa. Akanyanyuka kwa kushika mlango, akatutazama kwa zamu kama watu waliomchosha.

"Mnagombania baba. Tangu mmezaliwa mnagombania baba, na leo mmeniletea Mzungu naye agombanie baba. Babu yenu hakuwa na mama? Hebu niambieni mama yake ni nani."

Sikuwahi kuliuliza hilo. Mimi, mwalimu wa historia.

"Yuko pale," mama mdogo akasema, akaonyesha uani, kwenye pembe ya mrehani. "Aliletwa hapa kwa miguu, amefungwa, kutoka bara, wala haijulikani bara ipi. Akauzwa hapahapa. Akamzaa babu, na aliyempa mimba hakujitaja. Babu alipopata uwezo akajenga nyumba hii, akamweka ndani. Alipokufa, wenye makaburi yao wakakataa, wakauliza tumlaze karibu na nani, huyu wa nani. Basi babu akamzika uani kwake. Mama alinikabidhi pembe ile, nifagie, nisiuache mrehani ukakauka. Mimi niende Saadani, nani atafagia?"

Siku ya maziko ya babu, aliendelea, yeye alikuwa mtoto na alibaki nyumbani na wanawake. Huku nako alikuwapo mtani, mama wa Kinyamwezi, aliyevaa kanzu na kofia ya marehemu na kuzunguka uani akisema mimi mtoto wa Rais. Watu walicheka mpaka machozi. Alipofika kwenye pembe ile, yule mtani akavua kofia, akapita kimya. Hata yeye hapo aliona basi.

Nilimgeukia kaka nione anavyopokea. Nilitegemea mshangao. Hakuwa nao. Alikuwa akivunjavunja kipande cha kitumbua kwenye sahani.

"Ulikuwa unajua," nilisema.

"Mama aliniambia kabla hajafa."

"Na vyoo ulitaka uviweke pale."

"Tungezunguka kidogo," akasema. Kisha akaona ninavyomtazama, akapandwa na hasira. "Unataka niandike nini kwenye kibao, mdogo wangu? Watumwa Bagamoyo wamejaa. Kila ukipinda kona kuna kibao chao. Nani atatoka kwao apande ndege kuja kumwona mmoja zaidi?"

Nilimchukia. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na sehemu ya chuki hiyo bado ninayo. Ukoo mzima, vizazi na vizazi, umechukua tusi alilotupiwa mtoto wa yule mama, ukaling'arisha, ukalivaa harusini kama kilemba. Afadhali kuwa haramu ya Rais kuliko kuwa halali ya mtumwa. Kwa heshima hiyo wengine hukataa posa, na kaka yangu alikuwa tayari kumhamisha bibi kizee.

Baadaye, nilipotulia, nilifanya kile nilichokuwa nikiwafanyisha wanafunzi. Niliupima na ushahidi wa mama mdogo. Nitakuwa mkweli: ni mwembamba kuliko wa kaka. Yule mama hana sahani. Hana picha ya kulinganisha masikio. Hakuna chuo kikuu popote duniani wanakogombana juu yake. Kaburi lenyewe halina hata jiwe, ni mrehani na ardhi iliyofagiwa. Nani kasema? Bibi mmoja, aliyeambiwa na mama yake. Alikuwapo? Hakuwapo.

Lakini likabaki lile swali la mwisho. Anapata nini nikimwamini? Miezi yote ile tulipokuwa tunapanga kumhamisha, maneno hayo yangemwokoa. Angeyasema kikaoni, na hakuna ambaye angethubutu kuchimba vyoo juu ya kaburi. Hakuyasema. Aliilinda aibu yetu mpaka nyumba ikawa imekwisha kupona bila yeye, na ndipo akafungua mdomo, wakati hayana tena faida kwake. Nilisahihisha mitihani miaka mingi na sikuwahi kukutana na jibu safi kama hilo.

Kaka bado anamtoa Rais wake harusini, ila nikiwapo anapunguza sauti. Sahani iko kabatini. Mama mdogo yupo, moshi wake unaendelea na dari, na mimi nikipita asubuhi kununua vitumbua huzunguka nyuma na kumwagilia mrehani. Nilimwuliza mara moja yule mama aliitwa nani. Akasema hakuna aliyemwambia, na hadhani mama yake naye aliambiwa. Rais tulimtafutia majina mawili.